Maji ya Chyulu na Kiu ya Mombasa

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi, akikaribia Mtito Andei na kuipita, huona upande wake wa kushoto safu ya milima ya kijani iliyojipanga kama mafungu ya nafaka yaliyomwagwa uwanjani baada ya mavuno. Hiyo ndiyo Milima ya Chyulu. Urefu wa safu hiyo wapata kilometa 100, na kilele chake kirefu chakaribia mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi nyingi vilele hivyo havionekani kwa ajili ya ukungu, na mvua huweza kunyesha huko juu hali wakulima wa Kibwezi na Makindu wanatazama mahindi yao yakikunja majani kwa jua. Mtu mwenye fikira hujiuliza: maji ya mvua hiyo yote yaenda wapi? Maana hapana mto hata mmoja utelemkao katika milima hiyo. Mtu aweza kutembea mchana kutwa juu ya migongo yake asikute kijito cha kunawia uso.

Swali hili halifai kuachiwa watoto wa shule peke yao, kwa kuwa jibu lake ndilo lijazalo ndoo za watu wa Voi, wa Mariakani, wa Mazeras na wa kisiwa cha Mombasa. Karani wa bandarini afunguaye mfereji wake alfajiri, endapo siku hiyo maji yako, huenda anajaza birika kwa mvua iliyonyesha Chyulu kabla yeye hajaoa.

Ili jambo hili lifahamike, ni lazima kwanza kujua jinsi milima hiyo ilivyojengwa. Chini kabisa ya nchi ya Ukambani na Taita kuna mwamba mkongwe sana, uliopikwa kwa moto wa ndani ya dunia na kubanwa kwa uzito wa ajabu mamia ya mamilioni ya miaka yaliyopita. Mwamba huo ni mgumu, na mahali usipopasuka haupitishi maji. Mvua, upepo na mito ya zamani viliuchonga ukawa na vilima na mabonde, kama nchi nyingine yoyote. Kisha, katika muda wa miaka milioni moja na zaidi iliyopita, ardhi ilipasuka. Mawe yaliyoyeyuka, ambayo wataalamu huyaita lava, yalibubujika na kutandaa juu ya mwamba ule mkongwe, yakafuatwa na majivu na changarawe za moto zilizorundikana kuwa vilima. Moto ulianza upande wa kaskazini-magharibi, ukahama polepole kuelekea kusini-mashariki, ukiacha vilima mamia. Upande huo wa kusini ndio mchanga kuliko wote. Lava nyeusi iitwayo Shetani, ambayo hata leo nyasi zimeishinda kwa shida, ilimwagika yapata miaka 150 hadi 200 tu iliyopita, na jina lake laonyesha wazi hofu waliyoipata wenyeji walioona ardhi ikiwaka.

Lava ikipoa huwa na vitundu vingi vya hewa na nyufa za kila namna. Mahali pengine ganda la juu liligandamana huku chini yake lava ikiendelea kutiririka. Ilipokwisha kupita, ikaacha mapango marefu kama mifereji. Pango moja katika Chyulu, lililopewa jina la Leviathan, limepimwa likaonekana kuwa na urefu wa zaidi ya kilometa 10, nalo ni miongoni mwa mapango marefu ya namna hiyo duniani. Nchi yenye matundu kama hayo haiwezi kuwa na mto. Tone la mvua likianguka halina nafasi ya kukutana na wenzake wakafanya kijito; lazama mara moja.

Msomaji apendaye kuona jambo hili kwa macho yake na atwae sinia, aliinue upande mmoja kidogo kwa kutia kijiti chini yake. Kisha arundike juu yake kokoto na changarawe hadi ziwe kilima, na juu ya kilima hicho amimine kikombe cha maji taratibu. Juu ya kokoto hataona maji yakitiririka. Lakini akingoja kidogo ataona maji yakichuruzika ukingoni, upande ule wa chini wa sinia, tena akiisha kuacha kumimina yataendelea kutoka kwa muda. Sinia ni ule mwamba mkongwe. Kokoto ni lava na majivu. Na pale ukingoni yanapochuruzika ndipo penye chemchemi. Kama sinia lina mikunjo, maji hufuata mikunjo hiyo, nayo hayatoki kila mahali ukingoni bali hutoka kwa nguvu mahali pachache. Ndivyo ilivyo katika Chyulu, ambako maji hufuata mabonde ya zamani yaliyozikwa chini ya lava.

Upande wa kaskazini-mashariki maji hayo hutokea Kiboko, Makindu, na Umani karibu na Kibwezi. Misafara ya zamani iliyokwenda bara ilizijua chemchemi hizi, maana aliyevuka nyika ya Taru asipate maji hakufika kusimulia safari yake. Reli ilipokuwa ikijengwa katika miaka ya 1890, maji ya wafanya kazi katika nyika hiyo yalichukuliwa kwa gari moshi. Upande wa kusini-mashariki, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, kilometa kama 50 kutoka milima yenyewe, ndipo ilipo kubwa kuliko zote, chemchemi ya Mzima.

Afikaye Mzima mara ya kwanza huona ajabu. Pande zote ni nyika kavu ya miiba na mawe meusi, na katikati yake ghafula pana mabwawa ya maji meupe hata samaki huonekana wakipita chini kabisa, na viboko wakitembea sakafuni mwa bwawa kama ng'ombe waendao malishoni. Maji yatokayo hapo hukadiriwa kupita lita milioni 200 kwa siku. Kwa mtu azoeaye kuhesabu kwa madumu ya lita 20, hiyo ni kama madumu milioni 10 kila kunapokucha, au madumu zaidi ya 100 kwa kila sekunde, usiku na mchana. Mkondo wake husafiri kilometa mbili hivi, ukapingwa na ukuta wa lava, ukatoweka tena chini ya ardhi kabla ya kuungana na mto Tsavo.

Mwaka 2009 palikuwa na ukame mkubwa katika nchi hii, na viboko wengi wa Mzima walikufa. Walakini hawakufa kwa kiu. Chemchemi iliendelea kububujika mbele yao. Kilichowaua ni njaa, kwa kuwa majani ya kando ya maji yalikwisha. Habari hii yafaa kufikiriwa na kila mfugaji. Mvua ya mwaka mmoja ikikosekana, majani hukauka mwaka ule ule, lakini maji ya chini hayana haraka kama hiyo, kwa sababu yana akiba ya miaka mingi nyuma yake.

Hukadiriwa kwamba tone la mvua lianguka Chyulu laweza kukaa chini ya ardhi miaka 25 hivi kabla ya kutokea Mzima. Kwa hesabu hiyo, zile mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, zilizobomoa barabara na madaraja, maji yake yalianza kutoka katika chemchemi yapata mwaka 2022. Hapa msomaji asikosee akadhani kwamba chemchemi haijui habari za mvua mpaka miaka 25 ipite. Bomba lililojaa maji, ukitia kikombe upande huu, kikombe kingine hutoka upande wa pili papo hapo, lakini si kikombe kile ulichotia. Vivyo hivyo mvua kubwa ikinyesha milimani, uzito wake huyasukuma maji yaliyotangulia, na chemchemi huweza kuongeza nguvu baada ya miezi, ijapokuwa tone lenyewe bado liko mbali sana. Msukumo waenda upesi. Tone laenda polepole.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko idhaniwavyo, kwa sababu uchafu hufuata tone. Mtu akimwaga dawa za mimea au mafuta machafu katika nchi ya lava leo, hataona dalili yoyote kesho wala mwaka ujao. Chemchemi itaendelea kuwa meupe, naye atasema kwamba hakudhuru kitu. Dalili zitakapoonekana, huenda yeye amekwisha kustaafu, na wanaokunywa ni watoto ambao wakati ule hawakuwa wamezaliwa. Tena maji ya namna hiyo yakiisha kuharibika hayatengenezwi kwa mwaka mmoja. Yale yaliyochukua miaka kuingia huchukua miaka kutoka.

Huenda mtu akauliza kwa nini mji ulio kando ya bahari, wenye mvua kuliko nyika ya Tsavo, ulilazimika kufuata maji mbali hivyo. Sababu yake iko chini ya nyumba za Mombasa zenyewe. Kisiwa kimesimama juu ya mawe ya matumbawe, ambayo nayo yana matundu mengi. Maji ya mvua huzama ndani yake na kukutana na maji ya bahari yaliyoingia kutoka pembeni. Kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, huelea juu yake kama mafuta yaeleavyo juu ya mchuzi, ila pale yanapokutana huchanganyika kidogo. Wataalamu wamepima wakaona ya kuwa, kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Hesabu hiyo yafurahisha mpaka mtu aigeuze. Maana kisima kikivutwa sana hata maji yake yakashuka mita moja, maji ya chumvi kutoka chini hupanda mita 40 kuja kuchukua nafasi. Ndiyo sababu mwenye kisima huko pwani huweza kuvuta maji matamu kwa miaka mingi, akanunua pampu kubwa ili auze kwa jirani zake, na baada ya muda si mrefu akakuta chai yake ina chumvi.

Chumvi hata hivyo hujulikana kwa ulimi. Lililo baya zaidi halionjeki. Katika mawe ya matumbawe uchafu wa shimo la choo hupita nyufani upesi, bila kuchujwa kama ambavyo ungechujwa na udongo au mchanga laini. Katika mitaa iliyosongamana, ambako choo cha huyu ki hatua chache tu kutoka kisima cha yule, maji yaweza kuwa meupe, baridi na matamu, huku yamebeba kipindupindu. Mombasa imekwisha kuujua ugonjwa huo mara kadhaa. Mwenye kisima mtaani na achemshe maji ya kunywa au ayatie dawa, hata kama babu yake aliyanywa bila kuugua. Babu yake hakuwa na majirani wengi kiasi hicho.

Kwa hiyo mji ulianza mapema kutafuta maji ya mbali. Kwanza yaliletwa ya Marere kutoka milima ya Shimba, mwanzoni mwa karne ya 20. Mji ukakua, bandari ikakua, meli zikataka maji, na katika miaka ya 1950 likajengwa bomba la kutoka Mzima, lenye urefu wa kilometa 220 hivi, ambalo maji yake hutelemka kwa uzito wake yenyewe kutoka nyika ya juu mpaka pwani bila kusukumwa na mashine. Uwezo wa bomba hilo ni kama lita milioni 35 kwa siku, yaani chini ya sehemu moja ya tano ya maji yatokayo katika chemchemi. Wasimamizi wa mbuga walihofia mabwawa na wanyama wake, basi maji ya mji yakachukuliwa kutoka chini ya lava kabla hayajafika mabwawani, na mgeni aendaye kutazama viboko aweza kupita hapo asitambue kwamba chini ya miguu yake mji mzima unakunywa.

Watu wachache wajua kwamba Chyulu huinywesha pwani mara mbili. Maji yasiyoingia bombani huenda mto Tsavo; Tsavo huungana na Athi na kuwa Galana; na Galana ukikaribia bahari huitwa Sabaki, ukamwagika karibu na Malindi. Katika miezi ya kiangazi, Athi unapokonda, maji ya Tsavo ndiyo yaupayo mto huo sehemu kubwa ya uhai wake. Huko Baricho, bara ya Malindi, kumechimbwa visima virefu katika mchanga mnene ulioletwa na mto huo kwa maelfu ya miaka. Maji ya mto huzama mchangani, mchanga huyachuja, na pampu huyavuta na kuyapeleka Malindi, Kilifi na Mombasa. Hapo awali ilijaribiwa kuchukua maji ya mto wenyewe, lakini matope ya Sabaki yalikuwa adui mkubwa wa mitambo. Mchanga ukafanya kwa ukimya kazi iliyoshinda mashine.

Mambo yakiwa hivi, mtu wa Mombasa ana haki ya kutaka kujua hali ya milima ambayo labda hatapanda maisha yake yote. Juu ya vilele vya Chyulu kuna misitu ya ukungu. Miti yake imevikwa kuvu na ndevu za mwituni, na ukungu uletwao na upepo kutoka baharini hugusa majani, ukageuka matone, ukadondoka chini hata siku ambayo hapana mvua ya kupimwa. Huko chini nyikani mvua ya mwaka mara nyingi haifiki milimita 700, na sehemu kubwa ya hiyo huliwa na jua kabla haijazama. Ni juu milimani ambako akiba huwekwa.

Wako wasemao kwamba mti nao hunywa maji, na kwamba nyasi zingetosha. Maneno hayo si ya kudharauliwa. Ni kweli kwamba mti hunywa, na katika nchi kavu msitu wa kupandwa waweza hata kupunguza maji ya kijito. Lakini msitu wa ukungu una hesabu yake mbali, kwa kuwa hupokea maji ambayo nyasi fupi haziwezi kuyakamata. Tena udongo wa Chyulu ni majivu mepesi, ambayo yakivuliwa majani huchukuliwa na upepo na mvua kwa urahisi. Kila mwaka moto huwashwa huko, na wawindaji, na wachunga ng'ombe watakao majani mabichi, na warina asali wasio waangalifu, na kila moto humega ukingo wa msitu kidogo. Wengine hupanda kukata mirungi ya mwituni ambayo huota humo, na wengine huchoma makaa. Hakuna mmoja kati yao aliyekusudia kuikausha Mombasa.

Mwaka 1983 sehemu ya milima ilifanywa mbuga ya taifa, na watu waliokuwa wamekaa na kulima ndani yake wakaondolewa baadaye. Kwa Serikali ilikuwa njia ya kulinda maji. Kwa waliotolewa ilikuwa kupoteza shamba lenye udongo mzuri na ukungu wa kutosha kukuza mahindi bila mvua nyingi, wakarudi nchi ya chini yenye jua kali. Katika miaka ya 2010 ulianzishwa mpango wa kuuza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na misitu na nyika za Chyulu, ambao washiriki wake ni pamoja na jamii za Wamasai wenye ardhi upande wa magharibi, na sehemu ya fedha hizo hulipa walinzi wa msitu. Ni jambo jema kwamba alindaye alipwe. Ila mlipaji huyo ni mtu wa ng'ambo anunuaye hewa. Mnywaji wa maji bado hajaulizwa.

Hapa ndipo penye manung'uniko ya kweli. Chemchemi ya Mzima iko katika Taita Taveta, na watu wa huko wamelalamika miaka mingi kwamba maji hupita kwao kwenda kuneemesha wengine. Mama wa kijiji kilicho kando ya bomba huweza kusikia maji yakivuma ndani ya chuma, naye ana dumu tupu mgongoni na mwendo wa saa mbili mbele yake. Si ajabu bomba likatobolewa usiku. Mtu wa pwani hujibu: "Ndugu yangu, na huku kwetu mfereji hukauka siku tatu, tukanunua kwa mchuuzi wa mkokoteni kwa bei mara nyingi ya ile ya mfereji." Wote wawili wasema kweli, na kweli ya mmoja haiifuti ya mwenziwe. Yako maji yatoshayo kuwapa wa njiani kabla ya kufika mwisho, kama ikipimwa barabara na mabomba yaliyozeeka yakikarabatiwa, maana maji mengi ya mji hupotea ardhini kwa kuvuja au kuibwa, wala hayafiki mdomoni mwa mtu. Mpango wa bomba la pili kutoka Mzima umezungumzwa miaka nenda miaka rudi. Kabla halijalazwa, ingefaa watu wa Taita Taveta waonyeshwe kwa maandishi mifereji yao itakuwa wapi na mingapi. Tena wenye kutunza mto wa Tsavo waonyeshwe yatabaki maji kiasi gani mwezi wa Oktoba katika mwaka mbaya, kwa kuwa lita ichukuliwayo Mzima ni lita isiyofika Baricho.

Kuna jambo jingine liendalo kimya kimya kuliko bomba. Kandokando ya milima, tangu Kiboko hadi Kibwezi na kuendelea, wakulima wengi wameanza kumwagilia nyanya, vitunguu na mboga, na visima virefu vya kuchimbwa kwa mashine vyaongezeka mwaka hadi mwaka. Kazi hiyo imewaondolea njaa watu wengi, wala hapana mwenye akili atakayewalaumu. Lakini sinia ni moja. Kisima kimoja hakipunguzi chemchemi kwa kiasi cha kuonekana; visima mia mbili vikivuta usiku kucha ni habari nyingine, na aumiaye kwanza si mwenye pampu kubwa ila jirani yake mwenye kisima kifupi cha ndoo na kamba.

Sheria ya Maji ya mwaka 2016 yasema kwamba maji yote ya nchi, hata yale ya chini ya ardhi, yamewekwa mikononi mwa Serikali ya taifa kwa amana ya wananchi. Mtu akimiliki shamba hamiliki maji yaliyo chini yake. Kwa hiyo yampasa apate kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla ya kuchimba kisima kirefu, na aonyeshe kiasi atakachovuta. Wengi huona kibali kuwa usumbufu wa maofisini. Lakini bila orodha ya visima hakuna awezaye kujua sinia linachotwa kwa kiasi gani, na bila vipimo vya maji kushuka au kupanda, ugomvi wa jirani na jirani huamuliwa kwa sauti kubwa tu.

Vipimo hivyo havihitaji mtaalamu kila mara. Mwenye kisima aweza kuvifanya mwenyewe, au mwanawe asomaye. Atwae kamba isiyonyooka ikivutwa, afunge uzito mwisho wake, na kuitia alama kila mita kwa rangi. Siku moja katika mwezi, tuseme tarehe mosi, alfajiri kabla mtu yeyote hajavuta maji, aishushe taratibu mpaka uzito uguse maji. Apime kutoka ukingo ule ule wa kisima kila mara, wala asipime leo kutoka kwenye saruji na kesho kutoka kwenye ubao. Aandike katika daftari tarehe, saa, na urefu, na kando yake aandike kama mvua ilinyesha mwezi huo. Kisima chenye pampu kipumzishwe usiku kucha kwanza, la sivyo kipimo kitaonyesha uchovu wa pampu badala ya hali ya maji. Miaka miwili ya kwanza daftari hilo litaonekana halina faida, kwa kuwa maji hupanda na kushuka kwa majira. Mwaka wa tatu na wa nne mwenye nalo ataweza kulinganisha Oktoba na Oktoba, na Mei na Mei, na kama majirani watano walio njiani mwa bonde moja wana madaftari ya namna hiyo, wakiyaleta pamoja mbele ya chama cha watumiaji wa maji, wataona ni nani anayeshuka kwanza na ni upande gani.